Kiwanja cha Ndege cha Lokichoggio

Lokichoggio ni mji mdogo wa Waturkana, kaskazini ya Kenya, karibu na mpaka wa Sudani Kusini. Nchi hiyo ilipokuwa ingali sehemu ya Sudani, tena katika vita, Umoja wa Mataifa ulianza mwaka 1989 kuwapelekea watu wake chakula, na kiwanja cha mji huu kikawa mlango wa kazi ile. Katika njaa ya Bahr el Ghazal, mwaka 1998, nafaka ilidondoshwa toka angani, imetiwa gunia ndani ya gunia isimwagike.

Waturkana nao ni wafugaji, na ukame huwamalizia wanyama. Wakinung'unika kuona shehena zikipita juu ya vichwa vyao, sisi hatuwalaumu. Hata hivyo baadhi yao walipata ujira wa upakizi. Baada ya mapatano ya amani ya 2005 wageni walihamia Juba, na ujira ukaenda nao.