Msukumaji wa Mabara: Historia ya Swali Moja

Tarehe 6 Januari 1912, mjini Frankfurt, Alfred Wegener, mtaalamu wa hali ya hewa kutoka Ujerumani, aliwaeleza wanajiolojia kwamba mabara yalikuwa yameungana hapo kale, kisha yakaachana. Neno alilolitumia, Verschiebung, latokana na kitenzi chenye maana ya kusukuma kitu kikatoka mahali pake. Neno lenyewe, basi, lilizua swali: kilichosukumwa kina msukumaji, ni nani?

Ushahidi haukukosekana. Visukuku vya mtambaazi Mesosaurus, kwa mfano, hupatikana kusini mwa Afrika na nchini Brazili pia. Lakini kani alizozitaja Wegener, yaani ile itokanayo na mzunguko wa dunia na ile ya mvuto wa mwezi na jua, zilikuwa dhaifu mno. Mwingereza Harold Jeffreys alionyesha kwa hesabu kwamba haziwezi kusogeza bara. Wegener alifariki Greenland mwaka 1930, hali wengi wameikataa nadharia yake.

Arthur Holmes, aliyepata kutafuta madini nchini Msumbiji mwaka 1911, alitaja joto. Katika makala iliyochapishwa mwaka 1931, alieleza kwamba mwamba wa chini, ingawa ni mgumu, hutiririka polepole mno: ulio moto hupanda, uliopoa hushuka, mfano wa maji chunguni. Dhana hiyo ilisubiri miaka 30 hivi. Mwaka 1962 Harry Hess alieleza kuwa sakafu ya bahari huzaliwa penye safu za milima zilizo chini ya maji. Mwaka 1963 Fred Vine na Drummond Matthews wakaonyesha alama zake katika usumaku wa miamba.

Je, bamba hubebwa tu kama abiria? Mwaka 1975 Donald Forsyth na Seiya Uyeda walilinganisha mwendo wa mabamba. Yaendayo kasi, kama lile la Pasifiki, ni yale ambayo sehemu kubwa ya kingo zake huzama. Sakafu ya bahari iliyozeeka hupoa, huwa nzito, huzama na kulivuta bamba zima nyuma yake. Jibu hilo liligeuza sarufi ya swali: kwa kiasi kikubwa bamba halisukumwi, bali hujivuta.

Afrika hailingani vizuri na kanuni hiyo. Bamba lake lina kingo chache zinazozama, tena upande wa Mediterania; hata hivyo linapasuka mashariki, milimita chache kwa mwaka. Wataalamu hutaja joto lipandalo kutoka chini na kuinua nyanda za juu, ambazo hutanuka kwa uzito wake zenyewe. Sehemu ya kila kani ingali yajadiliwa. Kwa wakazi wa Goma mjadala huo si wa maktaba tu: Nyiragongo ililipuka mwaka 1977, mwaka 2002 lava yake ilipita katikati ya mji hadi Ziwa Kivu, mwaka 2021 ikarudi tena.