Wakfu

Wakfu ni mali ambayo mwenyewe, hali ya kuwa na akili timamu na kwa hiari yake, ameizuia isiuzwe, isitolewe hiba wala isirithiwe, ili manufaa yake yatumike daima katika jambo la kheri alilolitaja. Neno limetokana na Kiarabu, nalo lina maana ya kusimamisha. Na asili ya sheria yake wanazuoni huirejesha kwa Sayyidna Umar bin Khattab, ambaye, alipopata ardhi huko Khaibar akamtaka shauri Mtume, aliusiwa aizuie ardhi na mazao yake ayatoe sadaka.

Katika madhehebu ya Shafii, yaliyoenea zaidi pwani ya Afrika ya Mashariki, nguzo zake ni nne: mwenye kuweka, aitwaye wakifu, mali yenye kudumu, mathalan nyumba, kisima au shamba la minazi, wenye kunufaika, na tamko. Msimamizi wake ni mutawalli, ambaye hukusanya kodi, akatengeneza kwanza yaliyoharibika, ndipo akagawa kinachosalia. Naye ni mwaminifu tu, si mmiliki.

Wakfu ni za namna mbili: ya kheri, iliyokusudiwa misikiti, madrasa na maskini, na ya dhuria, ambayo hunufaisha kizazi cha wakifu, na kizazi kikikatika huwarejea mafakiri. Namna hii ya pili ilizusha mgogoro mkubwa, kwani mwaka 1894 Baraza la Rufaa la London, katika kesi iliyotoka India, liliamua kuwa wakfu ambayo fungu la maskini liko mbali mno haisihi. Kwa Waislamu uamuzi huo ulikuwa dhuluma, maana katika dini yao kumlisha jamaa ni sadaka iliyo bora, si hila ya kuficha mali. India iliutangua kwa sheria ya mwaka 1913. Lakini mahakama za Afrika ya Mashariki ziliendelea kuufuata, hata Kenya ikatunga sheria ya mwaka 1951 iliyozihalalisha wakfu za dhuria.

Katika lugha ya kawaida neno limepanuka: Wakristo husema askofu au kanisa limewekwa wakfu, yaani limetengwa kwa ajili ya Mungu. Katika sheria, hata hivyo, nia ya kutenga peke yake haitoshi. Kwa hiyo anayetaka kuweka wakfu na aandike hati, ataje mipaka ya mali, wanufaika na mutawalli, na ashuhudishe watu waadilifu, kwa sababu wakfu isiyo na hati wala mashahidi ni rahisi kugawanywa na warithi kama mirathi, na haki ya maskini ikapotea pamoja nayo.