RDA: Kumbukumbu ya Chama cha Litowa

Kijana wa Liparamba akienda chuo kikuu kusomea sosholojia, atakuta mkoa wake wa Ruvuma umo vitabuni, na mlango wa kuingilia ni Litowa. Makala haya ni shukrani kwa wazee walioanzisha Ruvuma Development Association, RDA. Litowa iko upande wa Songea, lakini enzi za mkoloni Umatengo na mwambao wa Nyasa tulihesabiwa katika Wilaya hiyohiyo ya Songea, hivyo sifa yao nasi tunaidai.

Miaka ya 1950 serikali ya kikoloni ilikuwa na mwanasosholojia wake, Philip Gulliver. Alichunguza kwa nini vijana wa Kingoni na Kindendeule waliondoka kwa wingi kwenda mashamba ya mkonge, na mwaka 1955 akatoa taarifa iliyoonyesha wazi kwamba nyumbani fedha haikupatikana. Kazi nzuri ile, ila taarifa peke yake haikuwa dawa. Dawa ilitafutwa na vijana wenyewe.

Mwaka 1960 vijana wa TANU Youth League, wakiongozwa na Ntimbanjayo Millinga, waliingia porini Litowa kufyeka. Chakula kikawa haba na wengi wakarudi kwao. Mtu mwingine angesema basi. Mwaka 1961 wakaanza upya, safari hii wakilima kwanza mahindi ya kula na mengine baadaye, na shamba likashika. Vijiji jirani vilikuja kutazama, vikaiga, ndipo ukazaliwa umoja wa vijiji ulioitwa RDA.

Hapo hatuwezi kuwasahau Ralph Ibbott na mkewe Noreen. Walitokea shamba la misheni la St Faith's, Rusape, Rhodesia ya Kusini, ambako pamoja na msimamizi wake Guy Clutton-Brock, Weusi na Weupe waliishi na kulima pamoja wakati sheria za nchi zilitaka watengane. Ndani ya RDA Ibbott alikuwa mshauri tu. Uamuzi ulitoka kwenye mkutano wa kijiji, na mkutano ukikataa, ushauri wake ulilala. Hakuna aliyelazimishwa kujiunga, na wasioweza kuvumilia kazi ya pamoja waliondoka kwa amani. Vijiji vilifika kama 17, wakawa na kinu chao cha kusaga na mashine ya kupasua mbao. Wanachama wazoefu walizunguka vijiji vichanga kuishi na kulima nao, maana hotuba peke yake haing'oi visiki.

Na shule! Chini ya mwalimu mkuu Suleiman Toroka, watoto wa Litowa walisoma, walilima, na walikaa vikao vyao wakajadili mambo ya shule yao. Mwalimu Nyerere aliipenda mno. Anayesoma *Elimu ya Kujitegemea* ya Machi 1967, kisha *Ujamaa Vijijini* ya Septemba mwaka huohuo, ataona jinsi mawazo ya Ikulu yalivyofanana na yale ambayo Litowa walikuwa wameshayajaribu kwa mikono yao. Wasomi hupenda kuanzia kwenye Azimio la Arusha. Sisi tunaanzia miaka saba kabla yake.

Chama kilipokua, macho yaliyokitazama nayo yaliongezeka, na si yote yalikuwa ya upendo. Septemba 1969 Kamati Kuu ya TANU iliamua kwamba kazi ya vijiji iwe chini ya TANU yenyewe. RDA ikafungwa, mali zikakabidhiwa, walimu wakapangiwa vituo vingine, akina Ibbott wakaondoka nchini. Mengine wazee wanayajua, na siku ya shukrani si siku ya kuyachambua.

Tangu hapo: 1970, Kate Wenner, kijana wa Kimarekani aliyefundisha Litowa, alichapisha *Shamba Letu*. 1982, Andrew Coulson akaiingiza RDA katika kitabu chake cha uchumi wa siasa wa Tanzania. 1998, D. M. Edwards akaandika kuhusu Matetereka, kijiji cha umoja huo kilichoendelea na ujamaa wake miaka mingi baada ya wengine kuacha. 2008, Michael Jennings naye akaiandika RDA. 2014, Leander Schneider akafanya vivyo hivyo. Na mwaka huohuo, baada ya subira ndefu, kitabu cha Ibbott mwenyewe.

Kwa anayetaka kuanza kusoma, aanze na makala ya Toroka ya mwaka 1968 katika jarida la *Mbioni* la Chuo cha Kivukoni. Ni fupi, na aliyeiandika alikuwa bado anafundisha shuleni Litowa.