Kocha aliyeondoka na ushindi 399

Jamani, tarakimu zinalevya. Mpe mwandishi wa michezo rekodi ya ushindi 151 mfululizo uone kama atauliza kitu kingine. Na ndiyo namba inayotajwa kwanza kila anapoenziwa Bob Ladouceur, aliyekuwa kocha wa futiboli ya Kimarekani (ule mchezo wa kofia ngumu na mpira wa kushika mkononi, siyo kandanda letu) katika sekondari ya De La Salle, mjini Concord, California.

Alikabidhiwa timu mwaka 1979. Shule ile ya Kikatoliki ya wavulana ilikuwa haijawahi kumaliza hata msimu mmoja ushindi ukizidi vipigo. Kuanzia 1992 hadi 2003 haikupoteza mchezo wowote. Rekodi ya awali ya Marekani nzima ilikuwa ya sekondari ya Hudson, Michigan: michezo 72. De La Salle waliivuka 1997, wakaendelea mpaka wakaizidisha mara mbili. Oktoba 2001 walikutana na Long Beach Poly, namba moja dhidi ya namba mbili nchini, wakashinda 29-15. Kijana Maurice Drew alifunga mara nne; baadaye aling'ara kwenye ligi ya kulipwa, NFL, kama Maurice Jones-Drew. Kabla yake alipita hapo Amani Toomer, ambaye jina lake halihitaji mkalimani. Huyu alitwaa Super Bowl na New York Giants Februari 2008.

Sawa, tupige makofi. Ila mimi kinachonivuta ni kadi. Kila wiki mchezaji aliandika malengo yake kwenye kadi, akayasoma mbele ya wenzake na kumkabidhi mmoja wao, ambaye ndiye angemdai baada ya mechi. Ladouceur, ambaye darasani alifundisha dini, alitaka vijana wawajibike wao kwa wao kabla ya kuwajibika kwake. Ubao wa matokeo hauna nafasi ya kuandika kitu kama hicho.

Agosti 12, 2004, Terrance Kelly, miaka 18, aliyekuwa ametoka tu kumaliza De La Salle, alipigwa risasi na kufa mjini Richmond, siku mbili kabla ya kuondoka kwenda Chuo Kikuu cha Oregon kwa ufadhili wa masomo. Alikuwa beki hodari katika timu isiyojua kufungwa. Septemba 4 wadogo zake wa shule wakaingia uwanjani Seattle na kufungwa na Bellevue 39-20. Rekodi ikafia hapo, na hiyo ndiyo iliyobaki kuwa tarehe ya kihistoria. Kwangu, historia ya msimu ule inaanzia Agosti. Wale walikuwa watoto wa shule waliotoka kumzika mwenzao, halafu wakatakiwa kulinda namba.

Ladouceur aliacha ukocha mkuu Januari 2013. Hesabu yake: ushindi 399, vipigo 25, sare 3. Mdau, hebu fikiria: umebakiza mchezo mmoja tu ufikishe 400, na timu yako karibu kila wiki inashinda. Nani kati yetu angeondoka?

Yeye alimwachia timu Justin Alumbaugh, aliyewahi kuwa mwanafunzi wake pale pale, kisha akabaki kama kocha msaidizi.