Kutoka kiko cha Sinya hadi mfuko wa mahindi

Tangu mwaka 2015 neno nano si geni Arusha. Mwaka huo Dkt. Askwar Hilonga, mhadhiri wa Taasisi ya Afrika ya Sayansi na Teknolojia ya Nelson Mandela iliyoko Tengeru, alitwaa tuzo ya uhandisi ya Afrika inayotolewa na Royal Academy of Engineering ya Uingereza, kwa chujio la maji linalotumia mchanga pamoja na chembe za nano. Katika eneo ambalo maji ya miteremko ya Mlima Meru yana floraidi inayotia meno ya watoto rangi ya kahawia, habari hiyo ilistahili kushangiliwa. Lakini ilijenga pia imani ambayo haijachunguzwa vya kutosha: kwamba kitu kikishasagwa hadi kufikia nanomita, udogo wenyewe unatosha kufanya kazi yoyote. Historia ya jambo la jirani, yaani namna gesi inavyopita ndani ya plastiki iliyochanganywa na chembe, inasema vingine. Kinachoamua ni umbo la chembe, vitundu vilivyomo ndani yake, na namna inavyoshikana na plastiki inayoizunguka. Jambo hilo si la maabara za mbali tu. Arusha ina mahitaji mawili yanayopingana, la kuzuia gesi na la kuipitisha, na chembe ileile inaweza kufaa moja na kuharibu jingine.

Mwaka 1831 huko Philadelphia, J. K. Mitchell aliona kwamba maputo yake ya mpira hayakai na gesi, na kwamba hewa ukaa huyatoroka haraka kuliko gesi nyingine nyingi. Thomas Graham alilipa jambo hilo maelezo mwaka 1866. Mpira hauna matundu ya kupitisha gesi. Gesi huyeyuka kwenye uso mmoja, husafiri ndani taratibu, kisha hutokea upande wa pili. Alipima akakuta hewa ukaa inapita kwenye mpira kwa kasi zaidi ya mara 13 ya nitrojeni. Akaenda mbali zaidi: akapitisha hewa ya kawaida kwenye mpira, akapata hewa yenye oksijeni ya takriban asilimia 41, karibu maradufu ya ile tunayovuta. Anayetaka kuona safari ya namna hiyo Arusha kwenyewe atazame vyandarua vya Olyset, ambavyo kiwanda cha A to Z kilianza kuvitengeneza mwaka 2003 kwa teknolojia ya Sumitomo Chemical. Dawa ya pemethrini imechanganywa ndani ya uzi wa polithilini, na kadiri ya juu inavyofutika kwa kufuliwa, ya ndani husafiri kuja usoni. Si gesi, lakini mwendo ni uleule wa molekuli kupenya katikati ya minyororo ya polima.

Swali la vijazio, yaani chembe zinazochanganywa ndani ya plastiki, lilianza kwenye umeme. James Clerk Maxwell, katika kitabu chake cha mwaka 1873, alikokotoa namna mkondo wa umeme unavyopungua ukikutana na duara dogo lililozama ndani ya kitu kingine, na hesabu hiyo baadaye ikahamishiwa kwenye gesi. Kwa hesabu ya Maxwell, duara lisilopitisha kitu hupunguza mkondo kidogo tu, na haijalishi ni kubwa au dogo. Kinachohesabika ni ujazo wake wote kwa jumla. Mwaka 1967 L. E. Nielsen aliuliza itakuwaje kama chembe si duara bali ni bapa. Jibu lake ndilo msingi wa plastiki za kufungashia zenye vijazio bapa. Mabapa yaliyolala sambamba na utando huilazimisha molekuli kuzunguka kila moja, kama mtu anayekatisha soko la Kilombero asubuhi: umbali ni mfupi, njia ni ndefu. Watafiti wa Toyota walithibitisha hilo tangu miaka ya 1980 kwa udongo wa montmorilonaiti, ambao kila tabaka lake lina unene wa nanomita 1 tu na upana wa mara mia hivi. Mwaka 1993 wakaripoti kwamba asilimia 2 ya udongo huo kwa uzito, ikichanganywa kwenye poliimidi, hushusha upitishaji wa gesi hadi chini ya nusu. Hapa udogo ulisaidia, ndiyo, lakini kwa sababu ulikuja na ubapa. Duara la ukubwa huo lisingefanya hivyo.

Upande wa pili wa historia unapinga zaidi imani ya udogo. Mwaka 1973 D. R. Paul na D. R. Kemp walitia zeolaiti, madini yenye vitundu vya ukubwa sawa vinavyonasa gesi, ndani ya mpira wa silikoni. Gesi ilichelewa sana mwanzoni kwa kuwa zeolaiti iliinywa, lakini vitundu vilipojaa, mtiririko ulirudi karibu ulivyokuwa. Aliyesimamisha jaribio mapema angetangaza ushindi. Kisha mwaka 2002 kundi la Tim Merkel likachapisha katika jarida la Science matokeo yaliyowashangaza wengi: chembe za silika zisizo na tundu lolote, zikiingizwa kwenye polima moja ngumu, ziliongeza mtiririko badala ya kuupunguza. Silika haikupitisha kitu. Ilisukuma minyororo ya polima isikae karibu karibu, ikaacha nafasi. Hesabu ya Maxwell ingetabiri kinyume, maana yeye alidhani plastiki inayoizunguka chembe inabaki vilevile. Tangu hapo mahali chembe inapogusana na polima pamekuwa kiini cha mjadala: zisiposhikana hubaki mwanya ambao gesi zote hupita bila kuchujwa, zikishikana mno minyororo hukakamaa na vitundu huzibwa.

Arusha ililijua tatizo la mwanya kabla ya nano kutajwa. Kituo cha CAMARTEC, kilichoundwa kwa sheria ya mwaka 1981, kilianza mwaka 1983 kueneza mitambo ya bayogesi pamoja na shirika la Ujerumani la GTZ. Mtambo wenyewe ni kuba la matofali lililofukiwa ardhini, na kuba hupasuka. Wabunifu hawakujaribu kutafuta saruji isiyopasuka. Waliweka chini ya kuba tabaka la udongo wa saruji dhaifu ili ufa uishie hapo, usipande kwenye sehemu inayotunza gesi, kisha ndani wakapiga lipu ya kuzuia gesi. Ndiyo busara ninayoiona ikikosekana katika maandishi mengi ya nano: kabla ya kusifu kijazio, tafuta ufa uko wapi.

Atasema mtu kwamba kwa mfuko wa nafaka jambo hili limekwisha. Mifuko ya kinga njaa hutegemea matabaka ya plastiki tu: wadudu waliofungiwa ndani hula oksijeni, hewa ukaa hupanda, nao huacha kula na kufa. Mifuko ya PICS, iliyobuniwa na Chuo Kikuu cha Purdue, ina mifuko miwili ya polithilini yenye unene wa mikroni 80 kila mmoja, na hata A to Z ya Arusha imeingia soko hilo kwa mfuko wa AgroZ. Pingamizi hili ni zito, na lina mwenza mzito zaidi: dumuzi, ambaye wakulima humwita Scania, hutoboa plastiki, na tundu lake moja hupitisha oksijeni nyingi kuliko ile ambayo udongo wote wa Toyota ungeizuia. Nakubali. Lakini pingamizi hilo linaunga mkono hoja yangu: kama ni tundu linaloamua, basi kijazio kinachofaa ni kile kinachougumisha utando dhidi ya meno ya mdudu huku kikizuia gesi, na hilo ni suala la umbo na mshikamano, si la udogo.

Kwa bayogesi hali ni kinyume. Anayepikia nyumbani hana haja ya utando wa kuchuja gesi, maana jiko linawaka hata methani ikiwa na hewa ukaa theluthi nzima. Haja huja pale gesi inapotakiwa kushindiliwa mitungini, na hapo ndipo zeolaiti zinaanza kuvutia, kwa kuwa molekuli ya hewa ukaa ni nyembamba kuliko ya methani. Madini ya aina hiyo yamo kwenye majivu ya volkano yaliyogeuka mwamba huko Olduvai, kama alivyoeleza Richard Hay aliyechunguza jiolojia ya bonde lile.

Kuna pia Sinya, wilayani Longido, kando ya mpaka wa Amboseli. Jiwe jeupe jepesi lililochimbwa huko lilichongwa Arusha na Tanganyika Meerschaum Corporation kuwa viko vya kuvutia tumbaku. Kwa jina la kitaalamu ni sepiolaiti, udongo wa nyuzi zenye mifereji isiyofikia nanomita moja upande wake mwembamba. Kwa hiyo Arusha iliuza chembe za nano kwa wavuta kiko bila kuziita hivyo. Wapo wanaoweza kuona hapo kiwanda cha kesho. Waangalie kwanza mifereji hiyo inakoelekea. Inakwenda kwa urefu wa uzi, na mashine ya kupuliza plastiki huzilaza nyuzi sambamba na utando, hivyo mifereji hailengi upande wa pili bali hulala ubavu. Kwa kuchuja bayogesi hiyo ni hasara. Kwa mfuko wa mahindi ni afadhali, ingawa kwa kuzuia gesi uzi haujawahi kulishinda bapa. Na mifereji yenyewe imejaa maji hadi jiwe lichomwe, tena udongo wa namna hii hupenda maji kuliko polithilini, hivyo bila kuandaliwa kwa kemikali ungejikusanya vidonge vidonge ndani ya plastiki, na kila kidonge kingeanzisha ufa.