Urojo Ulivyovuka Maji Hadi Magomeni na Temeke

Biharusi anayeolewa Dar akitokea Unguja haimchukui wiki kabla hajauliza: huku urojo unapatikana wapi? Unapatikana, tena sana. Ila ukipita Magomeni, Kinondoni au Temeke jioni, kibaoni utakuta umeandikwa "Zanzibar mix". Mimi jina hilo sijalipenda hata leo, lakini nakiri kwamba halisemi uongo. Ni mchanganyiko kweli.

Litazame bakuli lenyewe. Bajia, kachori na chatini ni majina yaliyokuja na Wahindi. Mishkaki wenzetu wa Oman nao wanaijua kwa jina linalokaribiana na hilo. Muhogo, mbatata na pilipili asili yake ni Amerika, vilifika pwani yetu baada ya Wareno. Ya kwetu ni ule uji mwembamba wa manjano unaovibeba vyote: unga, bizari, embe mbichi au ukwaju, na ndimu. (Biharusi, unga ukoroge kwanza kwa maji baridi ndipo uumimine kwenye maji yanayochemka, la sivyo utapata madonge na wifi atasema.)

Kuvuka kwake si ajabu. Dar yenyewe ilianzishwa na Sultani Majid wa Unguja katika miaka ya 1860, na tangu hapo watu hawajaacha kwenda na kurudi. Baada ya Mapinduzi ya Januari 1964 familia nyingi zilihamia huko, Wahindi na Waswahili, na jiko huhama na mwenyewe.

Lakini chakula cha barabarani Dar hakikukua kwa raha. Baada ya vita vya Kagera vya 1978 na 1979, bidhaa ziliadimika na mshahara wa baba haukufika katikati ya mwezi. Wanawake wa uswahilini wakatoa karai nje: maandazi, vitumbua, bajia, muhogo wa kukaanga, wali wa mama ntilie. Mwaka 1983 ikaja Nguvu Kazi. Waliohesabiwa kuwa hawana kazi inayotambulika walikamatwa na kupelekwa vijijini, na wachuuzi wadogo wakawa wanauza huku jicho liko njiani. Mama aliyekuwa akilisha nyumba nzima kwa karai moja aliweza kuambiwa hana kazi! Hilo linaniuma kila ninaposikia watu wakiita biashara ya bajia "kitu kidogo". Vipande vingi vya bakuli la urojo ni kazi ya mikono ya namna hiyo.

Nilipokuwa nasoma habari za rameni, ile supu ya tambi ya Wajapani inayosifiwa mno siku hizi, niliona kisa kinachofanana na hiki. Nayo haikuzaliwa mezani kwa matajiri. Waliileta wahamiaji wa Kichina, na mwaka 1910 mkahawa wa Rairaiken ukafunguliwa Asakusa, Tokyo, wapishi wake wakiwa Wachina kutoka Yokohama. Japani iliposhindwa vitani mwaka 1945 mchele ukakosekana, ukaja unga wa ngano wa Marekani, na maskini wakauza rameni kwenye mikokoteni. Kuuza chakula barabarani kulikuwa kumekatazwa, na wengi walikamatwa. Leo watu hupanga foleni kuila. Hata manjano ya tambi zake yana siri: si lazima yawe ya mayai, hutokana na maji ya chumvichumvi yaliyo ndugu wa magadi yetu. Sisi tambi tumezizoea za sukari, nazi na hiliki, kwa hiyo kuziona zikiogelea kwenye supu kunahitaji moyo.

Hapo ndipo mabakuli haya mawili yanapoachana. Rameni ya Kijapani mara nyingi hupikwa kwa mifupa ya nguruwe, na nyama ya juu huwa ya nguruwe pia. Hata ile ya kuku yaweza kutiwa mirin, ambayo ni kilevi cha mchele. Basi ukialikwa kuila, Dar au ughaibuni, uliza supu imechemshwa na nini kabla hujauliza bei. Si kujitia ushamba. Huko huko Asakusa sasa wapo wapishi wanaopika rameni ya halali, kwa sababu wageni Waislamu waliuliza.

Urojo maji yake hayana mfupa wala kilevi. La kuulizia ni mishkaki tu, nani kachinja. Na ukiwa Temeke mwambie mama akutilie chatini ya nazi na pilipili kwa mbali, maana wa kule wanazimwaga kwa mkono mkubwa.