Ritifaa ya Ng' Kati ya Nakivale na Mbarara

Ipo kauli iliyozoeleka miongoni mwetu walimu kwamba Kiswahili hakina shida na kompyuta (au tarakilishi, kila mtu na apendavyo), kwa kuwa herufi zake hazina vikofia wala vitone vya ziada. Kauli hiyo ina ukweli mwingi. Jedwali la ASCII lililotolewa Marekani mwaka 1963, likaongezewa herufi ndogo mwaka 1967, lilikuwa na nafasi 128 tu, na Kiswahili chote kilienea humo. Hata hivyo iko alama moja inayotusumbua hadi leo, nayo ni ritifaa ya ng'.

Tuchukue ujumbe unaotoka Nakivale, makazi ya wakimbizi yaliyoanzishwa mwishoni mwa miaka ya 1950 kwa ajili ya Wanyarwanda, na ambayo leo yana watu kutoka Kongo, Burundi, Somalia, Ethiopia, Eritrea na kwingineko. Makazi hayo yako wilayani Isingiro, kusini-mashariki mwa mji wa Mbarara, na Kiswahili ni mojawapo ya lugha zinazowaunganisha wakazi wake. Mtu anaandika katika programu ya gumzo kwamba ng'ombe wamefika ziwani. Mbarara, katika nchi ya Ankole inayosifika kwa ng'ombe wa pembe ndefu, mwenzake anasoma: ngâ€™ombe wamefika ziwani. Alama ya fedha za Ulaya imeingiaje kwenye zizi?

Jibu linaanzia kwenye simu. Ritifaa iliyonyooka, ile ya mashine za taipu, ni nambari 39 katika ASCII. Lakini programu nyingi za kuandikia huibadilisha zenyewe kuwa ritifaa iliyopinda, ili maandishi yapendeze. Hiyo ni alama nyingine kabisa: katika Unicode, mfumo uliochapishwa kwa mara ya kwanza mwaka 1991, nambari yake ni 8217. Mwaka 1992 Ken Thompson na Rob Pike walibuni UTF-8, njia ya kuziandika nambari hizo kubwa kwa baiti. Kwa njia hiyo ritifaa iliyopinda huchukua baiti tatu: 226, 128 na 153. Programu inayosoma kwa jedwali la Windows-1252, lililotengenezwa kwa ajili ya lugha za Ulaya Magharibi, huiona kila baiti kuwa herufi kamili. Basi 226 inakuwa â, 128 inakuwa €, na 153 inakuwa ™. Hakuna kilichopotea, msomaji ameshika ufunguo usio wake.

Mambo huharibika zaidi pale programu inapozipokea alama hizo tatu za uongo na kuzisimba upya kwa UTF-8. Sasa ritifaa moja imefikia baiti nane. Hapo ndipo penye njia ya kuitafuta hitilafu: tuhesabu baiti katika kila kituo, yaani kwenye simu, kwenye hifadhidata na kwenye ukurasa. Tukikuta tatu hifadhini, kosa liko kwenye usomaji. Tukikuta nane, uharibifu ulitokea kabla ya kuhifadhiwa. Historia ya programu husaidia pia. MySQL, hifadhidata iliyozaliwa Uswidi na kuenea duniani kote, ilichagua yenyewe jedwali la Ulaya Magharibi kama haikuambiwa vingine, hadi toleo la 8.0 la mwaka 2018.

Sura ya hitilafu nayo inasema. Maandishi ya Kiamhari yakilazimishwa kuingia katika Windows-1252, ambamo hayana nafasi hata moja, hugeuka alama za kuuliza, na ujumbe huo haurudi tena. Vikijitokeza visanduku vitupu, mara nyingi fonti ndiyo haina herufi hizo, na maneno yenyewe yako salama. Herufi za Kiethiopia ziliingizwa katika Unicode mwaka 1999.

Ng'ombe akigeuka hivyo tunacheka. Jina la mtu si jambo la kucheka. Kwa wanaotoka Kongo na Burundi, majina yenye alama za Kifaransa ni ya kawaida, na Béatrice akiandikwa BÃ©atrice katika orodha, anayemtafuta kwa jina lake sahihi hatamwona. Mkimbizi anayeulizwa kila mara kama yeye ndiye aliyetajwa kwenye karatasi anajua uzito wa herufi moja.

Sauti hii ya ng' haijawahi kuwa na makao mazuri. Katika hati za Kiswahili za herufi za Kiarabu, ghaini ilibebeshwa g, ng na ng' pamoja, na msomaji akachambua kwa maana. Taasisi ya kimataifa ya lugha za Afrika iliyoundwa London mwaka 1926 ilipendekeza herufi ŋ. Waganda waliichukua katika tahajia yao ya mwaka 1947. Kiswahili sanifu, kilichosimamiwa na kamati iliyoanzishwa mwaka 1930, kilibaki na ritifaa, huku Wakongo wengi wakiandika ngombe bila alama yoyote. Ujumbe wao hufika salama! Lakini sisi tunaofundisha hatuwezi kuwafuata, kwani kung'oa si sawa na ngoa.

Kwa mwalimu, ng' ni sauti moja. Kwa mashine ni alama tatu, na ya tatu ni ya uakifishaji. Ndiyo maana kamusi ya kompyuta yenye ritifaa iliyonyooka huweza kukana kwamba ina neno ng'ambo, mradi tu aliyeuliza amepinda yake. Unicode inayo ritifaa nyingine, nambari 700, inayohesabiwa kuwa herufi. Kwa maoni yetu hiyo ndiyo inayostahili ng', ila kibodi za kawaida haziionyeshi. Kwa sasa katika orodha zetu za msamiati tunaandika ile ya 39, na tunazima ubadilishaji wa ritifaa kabla ya kuanza kuchapa.